Mkate kwa franka, unga kwa dola: kazi za jioni tulizoikabidhi simu

Unga wa ngano tunaununua kwa dola, mkate tunauuza kwa franka. Mtu anayefanya biashara Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ameshaelewa nusu ya habari yangu hapo. Nusu nyingine ni kwamba mkate wetu hauuzwi dirishani peke yake. Sehemu kubwa inabebwa na akina mama wanaokuja kuuchukua alfajiri, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, wanaugawa kwenye mitaa ya mji, Katuba, Kenya (mtaa wetu, si nchi), Kamalondo na wengine mpaka Ruashi, kisha wanalipa jioni wakishauza. Wanalipa mkononi, au kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Wapo pia wanaolipa kesho yake asubuhi, kabla ya kuchukua mzigo mpya. Mama yangu ndiye mwenye tanuri, yaya wangu (kwetu yaya ni ndugu mkubwa) anashika hesabu. Mimi nilisomea kompyuta, na kwa miaka michache sasa kazi yangu pale imekuwa kuzitoa kazi za kurudiarudia mikononi mwa watu na kuziacha zijiendeshe zenyewe.

Naandika kwa ajili ya wenye biashara za ukubwa wetu: depo ya unga wa bukari (ugali), duka la dawa la mtaani, fundi cherehani mwenye wanafunzi wawili. Wengi huniuliza nilitumia programu gani. Nitazitaja, maana hazina siri, na kuzijifunza hakukunichosha sana. Kilichotuchosha, na kilichotufaa zaidi, ni kwamba kila kazi tuliyotaka kuikabidhi mashine ilitudai kwanza tuamue jambo fulani, jambo ambalo kwa miaka tulikuwa tukiliacha liamuliwe na usingizi wa saa nne usiku.

Kazi za jioni zilikuwa tatu. Ya kwanza, kulinganisha malipo na majina: nani ametuma, nani ameleta mkononi, nani bado. Ya pili, kuhesabu madeni, kwa sababu mama anayechukua mikate 80 anaweza kulipa ya 65 na kusema iliyobaki ataimaliza kesho. Ya tatu, kukadiria unga wa usiku ule ule, kwani kukanda kunaanza saa mbili usiku na mzee wa tanuri hawezi kusubiri hesabu ziishe. Zote tatu zilipita kwenye kaye (daftari) moja ya yaya, yenye majina upande wa kushoto na tarehe juu, na kwenye simu tatu zilizokuwa zinapokezana chaja. Alisoma ujumbe mmoja mmoja, akaweka alama ya kalamu nyekundu kwenye jina. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la nchi, ukikatika, aliendelea kwa tochi. Mara nyingi alipomaliza, mkate wa kesho ulikuwa umeshaanza kuumuka.

Jambo la kwanza kuamua lilikuwa siku. Swali lenyewe linaonekana la mtoto: siku ya mkate inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi? Mashine huanza siku saa sita usiku. Lakini saa sita usiku kwetu watu wako katikati ya kazi, mikate ya kwanza inatoka saa tisa usiku, na mama aliyechelewa kurudi nyumbani Ruashi anatuma pesa za mkate wa jana saa saba usiku. Pesa hizo ni za siku gani? Kwa yaya jibu lilitegemea ukurasa uliokuwa wazi mbele yake wakati ule. Tulikaa, tukakubaliana kwamba siku ya mkate inafungwa saa tisa usiku, mlango wa tanuri unapofunguliwa. Malipo yote yanayoingia kabla ya hapo ni ya mkate wa jana, hata kama kalenda imeshabadilika. Anayelipa asubuhi kabla ya kuchukua mzigo mpya anaingizwa kwa mkono na yaya kwenye siku iliyopita, kwa sababu yaya yuko naye uso kwa uso na anajua pesa ni za nini.

Hapo kuna mtego mdogo wa kwetu sisi watu wa mashariki na kusini mwa Kongo. Nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko UTC+1, Lubumbashi iko UTC+2, sawa na Goma na Bukavu. Jedwali la intaneti likifunguliwa kwa saa za Kinshasa, kila ujumbe unaandikwa saa moja nyuma, na malipo ya saa tisa na nusu usiku yanarudi kwenye siku iliyokwisha fungwa. Yeyote anayejenga kitu kinachotegemea saa aangalie kwanza mpangilio huo, kabla hajaandika fomula hata moja.

Sasa vifaa. Tuna simu moja ya zamani ya Android, inakaa kwenye sanduku la mbao karibu na dirisha, imechomekwa kwenye betri ili umeme ukikatika isizime. Ndani yake kuna programu ya MacroDroid. Ujumbe wa malipo ukiingia kutoka kwa mtumaji tuliyemtaja, MacroDroid inaunakili na kuupeleka kwenye jedwali la Google Sheets. Huko skripti fupi ya Apps Script, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya jedwali lenyewe, inaukata vipande: kiasi, sarafu, namba iliyotuma, saa, namba ya muamala, salio jipya. Hiyo ndiyo mitambo yetu yote. Jedwali ni la bure, na mega zinazoliwa ni chache kwa sababu ni maandishi matupu yanayopita.

Kipande cha kiasi ndicho kilichohitaji macho. Huduma moja inaandika «12.500,00» na nyingine inaandika «12,500.00», na zote zina maana ya franka elfu kumi na mbili na mia tano. Jedwali lililowekwa kwa desturi ya Kifaransa linaichukua koma kuwa ndiyo desimali, lililowekwa kwa desturi ya Kiingereza linachukua nukta, kwa hiyo ujumbe mmoja unaweza kusomwa kama kumi na mbili na nusu. Na kwa kuwa mteja anaweza kuwa na akaunti ya franka na akaunti ya dola kwenye namba moja, herufi zinazofuata kiasi nazo ni za lazima kusomwa. Skripti yetu inaanza kwa kutafuta sarafu. Ikipata dola inaweka malipo kwenye safu yake, ikipata franka inaondoa kwanza sufuri mbili za desimali zilizo mwishoni, kisha nukta na koma zote za kutenganisha, halafu inageuza kuwa namba. Ikikosa sarafu haikisii. Inaweka ujumbe mzima kwenye ukurasa wenye rangi ya njano, na yaya anausoma mwenyewe.

Ukurasa huo wa njano naupenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii. Kitu kinachojiendesha lazima kiwe na mahali pa kusema «hiki sikukielewa», na mahali hapo paonekane na mtu kila siku. Bila hapo, kosa linaingia kwenye jumla kimyakimya na jumla inaendelea kupendeza machoni.

Kisha kuna ujumbe wa uongo. Kila mwenye duka mjini hapa ameshaonyeshwa simu yenye ujumbe mzuri wa malipo ambayo hayakufika. Njia ya kwanza ya kujikinga ni rahisi: tunahesabu tu ujumbe ulioingia kwenye simu yetu kutoka kwa jina la huduma lenyewe, kamwe si ujumbe ulio kwenye simu ya mteja au uliotoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Njia ya pili ndiyo iliyonifurahisha kuijenga, nayo ni mnyororo wa salio. Ujumbe wa kweli unataja salio jipya. Kwa hiyo salio la ujumbe uliopita, ukijumlisha kiasi kilichoingia, lazima lilingane na salio la ujumbe mpya. Kama salio lilikuwa 184,000 na zimeingia 12,500, ujumbe mpya lazima useme 196,500. Ukisema vinginevyo, mstari unageuka mwekundu. Ama ujumbe ni wa kughushi, ama kuna mwingine katikati uliochelewa kwa sababu ya mtandao, ama mtu ametoa pesa bila kusema. Hilo la tatu lilitudai uamuzi pia. Mama alikuwa akitoa pesa wakati wowote anapohitaji kulipia kuni au sukari. Tukakubaliana kwamba pesa zinatolewa mara moja kwa siku, na ujumbe wa kutoa unaingia kwenye jedwali sawasawa na ujumbe wa kupokea. Kwa mwenye biashara aliyezoea mfuko wake kuwa wake, hilo si dogo. Mama alikubali baada ya kuona mnyororo ukikatika mbele yake na yeye mwenyewe kuweza kueleza kila mahali ulipokatikia.

Ugumu wa kweli wa malipo, hata hivyo, haukuwa wezi. Ulikuwa watoto. Mama wa mikate hana salio kwenye simu yake, anampa kijana wake pesa, kijana anatuma kwa namba ya rafiki yake. Au anaenda kwa wakala wa simu, na wakala anatuma kwa namba ya wakala. Pesa zimefika, jina ni la mtu tusiyemjua. Asubuhi unasikia: «Mama, mi nilishatuma makuta jana. Angalia mu simu.» Na ni kweli alituma. Tuliamua kila mama aandikishe namba mpaka tatu zinazoweza kumlipia, na jedwali linazitambua zote kuwa zake. Zisizojulikana zinabaki kwenye orodha ya kusubiri, na hakuna anayeitwa mdaiwa mpaka orodha hiyo ya jana iwe tupu. Sheria hiyo ya mwisho ni ya yaya. Ilipunguza ugomvi wa alfajiri kuliko skripti yoyote niliyoandika, kwa sababu mama aliyelipa hasalimiwi tena kwa deni.

Swali la ada nalo lilikuwa limelala miaka. Anayetuma anakatwa ada, na mama anayetuma pesa mara tatu kwa siku anakatwa mara tatu. Kila jioni lilikuwa jambo la kubembelezana: wengine walipunguza ada kwenye deni lao, wengine hawakupunguza, na wale wapole ndio walioumia. Mashine haibembelezi, kwa hiyo tulilazimika kuweka kanuni. Tanuri inabeba ada ya kutuma mara moja kwa siku, kwa kila mtu. Ukituma mara ya pili, ada ni yako. Ndani ya muda mfupi akina mama wengi wakaanza kutuma mara moja tu, jioni.

Kiwango cha dola ndicho kilichotuweka mezani muda mrefu zaidi. Jedwali linaweza kuvuta kiwango kutoka intaneti lenyewe, na Benki Kuu ya Kongo hutangaza chake. Mimi nilipendelea kiwango kijilete chenyewe, maana ndiyo kazi yangu kupenda hivyo. Mama alikataa, na alikuwa na haki. Unga hatuununui kwa kiwango cha tangazo. Tunaununua kwa kile ambacho muuzaji wa unga na wabadilisha fedha wa barabarani wanakubali asubuhi hiyo. Basi kiwango kinaandikwa na mama mwenyewe, mstari mmoja kwa kila siku, tarehe na namba. Asipokiandika hadi saa tatu asubuhi, jedwali linamtumia yaya barua pepe, na hesabu ya gharama inabaki wazi. Halichukui cha jana. Afadhali nafasi tupu inayoonekana kuliko namba ya zamani inayojifanya mpya. Na kwa kuwa kila siku ina mstari wake, unga wa Jumatatu unabaki na kiwango cha Jumatatu hata dola ikibadilika Ijumaa.

Faida yake tuliiona mwaka 2025. Kwa muda mrefu dola ilikuwa imekaa kwenye franka 2,800 na ushee. Ilipofika Oktoba franka ilianza kupanda kwa kasi, katika wiki chache dola ikawa chini ya 2,500, kisha ikazidi kushuka. Mjini kote watu wakauliza: kama unga unanunuliwa kwa dola na dola imeanguka, kwa nini mkate ni ule ule? Swali la haki kabisa, na akina mama wetu ndio walioulizwa barabarani kabla yetu.

Chukua mfano wa mfuko wa kilo 50 wenye bei ya dola 40. Ukitia maji lita 30 hivi, sukari, chumvi, hamira na mafuta, unapata kinyunga cha karibu kilo 84. Ukikata vipande vya gramu 200, unavuka mikate 400. Kwa dola ya 2,800, mfuko huo ni franka 112,000. Kwa dola ya 2,300 ni franka 92,000. Nafuu ni franka 20,000, ukigawa kwa mikate 400 ni franka 50 kwa mkate. Mkate wa franka 500 hauwezi kushuka kwa 50 barabarani, kwa sababu chenji ya 50 haipo mikononi mwa watu na muuzaji atakuwa anagombana na kila mteja. Unaweza kuongeza uzito wa mkate, au unaweza kumwongezea anayeuza. Kuni na mishahara havikushuka, navyo vinalipwa kwa franka. Mama aliangalia mistari ya wiki zile, siku baada ya siku, akaamua kila anayechukua mikate 20 apewe mmoja juu. Hiyo ni karibu nusu ya nafuu. Nusu iliyobaki aliiweka, kwa sababu alishawahi kuona dola ikirudi juu. Mazungumzo hayo yalichukua jioni moja. Zamani yangechukua mwezi wa minong'ono, na pengine tungepoteza wauzaji kabla hatujajua hesabu yenyewe.

Unga wa usiku ni habari nyingine. Hapa ndipo watu wengi wanadhani mashine inaanza kuwa na akili, lakini fomula yetu ni nyepesi sana: wastani wa siku hiyo hiyo ya juma kwa wiki nne zilizopita. Alhamisi inalinganishwa na Alhamisi, kwa sababu Alhamisi na Jumapili hazifanani hata kidogo. Ikifika saa kumi na mbili jioni, jedwali linatoa pendekezo la mifuko. Mzee wa tanuri analitazama, kisha anasema namba yake. Tunaandika zote mbili, pendekezo na namba ya mzee, na kesho tunaandika kilichouzwa kweli.

Hakuna aliyemwambia mzee afuate simu. Yeye anajua mambo ambayo hayamo kwenye jedwali: mvua za kuanzia Novemba zinazofanya barabara ya kwenda Ruashi kuwa tope na akina mama wachelewe, kuni zilizolowa, wiki ambayo shule zinafunguliwa, siku ambayo mishahara ya kampuni za migodi inaingia, baridi ya Juni na Julai ambayo watu wanataka mkate wa moto mapema. Baada ya kuziweka namba hizo bega kwa bega kwa muda, tuliona kitu ambacho yeye mwenyewe alikipenda. Siku za mvua na za mishahara, mzee yuko karibu na ukweli kuliko fomula. Siku za kawaida, hasa mwanzo wa juma, fomula iko karibu kuliko yeye, kwa sababu mauzo mazuri ya Jumamosi yanamtia moyo wa kukanda zaidi. Sasa siku za kawaida anachukua namba ya simu bila kubishana, na siku za mvua simu inachukua yake. Mkate unaobaki umepungua, na heshima ya mzee imebaki pale pale. Nasema hili kwa uzito. Ukimpa mtu wa miaka thelathini kwenye tanuri amri kutoka kwenye skrini, atakuachia skrini yako na ataondoka na ujuzi wake.

Kuna kazi ambayo nilikuwa nimeshaitayarisha yote, na haikuanza kutumika: ujumbe wa kukumbusha deni. Saa moja jioni, kila ambaye hajalipa angepokea ujumbe wenye jina lake na kiasi. Mama aliusoma, akanirudishia simu. «Mwanangu, hiyo mashine itajua namna gani kama mutoto wake iko mu hospitali?» Yaya akaongeza kwamba ujumbe wa deni unasomwa na yeyote anayeshika simu ya nyumbani, mume, shemeji, jirani. Mama anayetuuzia mkate huenda hajasema nyumbani kwamba leo hakuuza.

Tulichofanya badala yake ni hiki. Jedwali linapanga madeni kwa umri, la zamani juu. Yaya anaona majina matano au sita ya juu, anapiga simu mwenyewe, kwa sauti yake. Anauliza habari za nyumbani kwanza. Mara nyingine anajifunza kwamba mama fulani yuko kwenye zamu yake ya likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu) wiki ijayo na atalipa yote kwa mara moja, na anaandika hivyo pembeni. Mara nyingine anagundua kwamba mtaa fulani umepata muuzaji mpya wa mkate, habari ambayo ujumbe wa otomatiki usingeileta kamwe. Dakika alizookoa kwenye kaye ndizo anazozitumia kwenye simu hizi. Kama mashine ingempunguzia kazi yaya na kumpunguzia pia sauti yake kwa akina mama, mimi binafsi ningeizima.

Uamuzi wa kumwongezea mtu mkopo, kumsimamishia mzigo, kumpokea muuzaji mpya, hayo yote hayagusi jedwali. Jedwali linaonyesha historia, mama anaamua.

WhatsApp Business tunaitumia kwa wateja wa dirishani na wenye mikahawa, kwa oda za kesho na majibu ya haraka ya bei. Inasaidia, ila orodha yake ya kutangaza ina kikomo cha watu 256, na ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Akina mama wengi wana simu ndogo za vitufe, kwa hiyo kwao kila kitu kinapita kwa sauti, kwa ujumbe wa kawaida, na kwa kadi ya karatasi. Kadi hiyo hatukuifuta na hatutaifuta. Kila mama ana yake, yaya anatia sahihi alfajiri kwa idadi iliyochukuliwa na tena kwa malipo, na kadi ikitofautiana na jedwali, tunaanza kwa kuiamini kadi mpaka tujue sababu. Mtandao ukikatika usiku kucha, kazi inaendelea kwa kadi, na tunaingiza kesho yake kwa tarehe ya mkate wake.

Majina na namba za watu hawa si mali yetu. Sheria ya Kongo ya mambo ya dijiti, nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu juu ya ulinzi wa data za watu binafsi. Hata bila sheria, deni la mtu ni siri yake. Jedwali linafunguliwa na watu watatu tu. Mzee wa tanuri na vijana wa baiskeli wanaona mifuko na mikate, hawaoni madeni.

Kwa upande wa mhasibu, habari ni fupi na njema. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, mwaka 2012, na mfumo wake wa hesabu unaziruhusu biashara ndogo kabisa kuandika tu kilichoingia na kilichotoka. Jedwali linatoa hiyo orodha kila mwisho wa mwezi bila mtu kukaa chini.

Anayetaka kuanza, namshauri atayarishe ukurasa mmoja wa karatasi kabla ya simu. Auandike kwa lugha ambayo mtu mwingine wa nyumba ataielewa: ujumbe unatoka wapi, unaenda wapi, ukisimama unaanzia wapi kuuangalia. Kwetu ukurasa huo uko kwa Kiswahili, umebandikwa ndani ya mfuniko wa lile sanduku la mbao. Laini ya simu imeandikishwa kwa jina la mama, mwenye mali, na nywila zinajulikana na watu wawili. Nikienda Kolwezi kwa kazi, yaya anaweza kuiwasha tena simu na kujua kama mnyororo wa salio umeungana. Skripti ya Apps Script inakatwa ikizidi dakika sita, kwa hiyo ni vizuri kuwa na kazi ndogo nyingi kuliko moja kubwa. Ndogo ikisimama, unajua ni ipi.

Kilichobaki mezani kwa sasa ni mkate unaorudi. Mama aliyechukua mikate 80 akirudi na 7 iliyokauka, hasara ni ya nani? Mama yangu anataka igawanywe nusu kwa nusu. Yaya anasema nusu kwa nusu itawafanya wachukue kidogo mno na tutakosa mauzo ya siku nzuri, anataka tanuri ibebe mitano ya kwanza. Mzee wa tanuri anataka mkate uliorudi ukatwe, ukaushwe upya na kuuzwa kwa jina lingine, jambo ambalo linahitaji kuni na mtu wa kulifanya. Wawakilishi wa akina mama wenyewe wameomba waitwe kwenye mazungumzo, na wataitwa Jumapili hii baada ya kanisa. Safu ya mkate unaorudi nimeshaitengeneza kwenye jedwali. Inaandika idadi tu. Fomula haina kitu ndani mpaka wakubaliane.